Jogoo Aliyezibwa Tundu

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza leo, kabla ya adhuhuri. Bati la duka limepiga kelele hata mteja aliyekuwa akiniuliza kitu ikabidi anionyeshe kwa kidole. Nimehamisha trei za fedha kutoka rafu ya chini hadi ya kati, nikabadilisha vifuko vya kunyonya unyevu kwenye kabati la kioo.

Daftari hili ni jipya, kwa hiyo nianze vizuri. Duka la sarafu kuukuu alilianzisha baba. Alipofariki alimwachia mdogo wangu duka, mimi akaniachia kioo cha kukuzia. Sikulalamika. Nilikuwa nimeshaachika, nimerudi nyumbani na sanduku moja, na mtu wa sanduku moja halalamiki. Chumba changu kiko nyuma ya duka. Mdogo wangu na mkewe wanakaa juu.

Kazi yangu ni kadi. Kila sarafu inayouzwa hapa naikagua, naandika ni ipi, iko daraja gani, imefanywa nini na mikono ya watu, halafu natia sahihi. Wapo wakusanyaji wa mbali wanaonunua bila kuiona sarafu yenyewe. Wanasoma kadi tu.

Alhamisi, 7 Machi

Wifi ameshuka na kiti chake akasema amechoka kukaa juu kama ndege wa tunduni, nimfundishe kazi. Yeye ni msusi, ana vidole vyepesi. Nikamwekea trei ya shaba chakavu.

Nimeanza na madaraja, kwa maneno yale yale ya baba. Sarafu iliyotoka kiwandani ikawekwa ni "haijashikwa". Iliyopita mikono michache ni "imeshikwa". Iliyopita sokoni miaka ni "imezunguka". Iliyofutika sura ni "imechoka".

Wifi akacheka mpaka akashika meza. "Kumbe sarafu mmeziwekea masharti ya kuposa? Haijashikwa, imezunguka. Na wewe wifi uko daraja gani?"

"Imezunguka," nikamwambia. "Lakini ukingo mzima."

"Na mimi?"

"Wewe bado uko mikononi mwa mteja."

Tumeendelea. Nimemwonyesha mng'aro na mng'ao, maana hapo ndipo watu wengi wanapoliwa. Mng'aro sarafu huzaliwa nao. Chuma kikigongwa na muhuri wa kiwanda hutiririka, kikaacha michirizi isiyoonekana kwa macho, na ukiigeuza sarafu polepole chini ya taa, mwanga huzunguka juu yake kama vijiti vya gurudumu. Mng'ao ni wa kitambaa na dawa. Ukiigeuza sarafu ya mng'ao, mwanga hukaa palepale unakutazama. Mng'aro ukishasuguliwa haurudi, hata uipeleke wapi. Mng'ao kila mwenye kitambaa anao.

Kisha magonjwa: iliyochovywa kwenye asidi ikatoka nyeupe kama jino bandia, iliyosuguliwa kwa brashi ya mashine, iliyopikiwa utando, yaani imefungiwa na yai la kuchemsha ili iote rangi za uzee kwa siku chache, iliyopakwa nta mikwaruzo isionekane, iliyozibwa tundu.

"Iliyozibwa," wifi akasema, "hiyo si kazi ya mume wangu?"

Tulicheka wote, kwa sababu mdogo wangu kabla ya duka alikuwa akifanya kazi kliniki ya meno, akitengeneza meno ya bandia na kumsaidia daktari kuziba yaliyotoboka. Mpaka leo mtaani ni Fundi Meno.

Jumanne, 12 Machi

Siku ya maana. Mdogo wangu ameleta Jogoo wawili.

Jogoo ni sarafu kubwa ya fedha ya zamani: upande mmoja mizani, upande wa pili jogoo amesimama mkia juu. Sarafu nzuri kuliko zote kwa macho yangu, na hilo ndilo lililomponza. Wanawake wa enzi hizo waliona ni pambo, wakamtoboa na kumvaa shingoni. Kila Jogoo unayemwona ana tundu juu, pale nyuma ya mkia. Asiye na tundu, mkusanyaji huzungumza habari zake kwa kunong'ona. Mimi nilikuwa nimewaona watatu maishani mwangu, na wawili kati yao walikuwa wa baba. Leo wawili kwa mkupuo, kutoka kwa familia moja iliyohama, mdogo wangu anasema, walikuwa wamefungiwa kwenye kopo la chai.

"Waandikie upesi, dada. Mpima amepiga simu, yuko njiani."

Nimewakagua dirishani. Mvua ilikuwa inamwagika, mwanga hafifu, nikawasha na taa. Daraja: imeshikwa. Uwanja, yaani uwazi unaomzunguka jogoo, safi. Mng'aro upo kwenye kifua na kati ya vidole vya mguu. Nyuma ya mkia nimetazama mara kwa mara, hamna kitu, hamna hata ufa mwembamba kama unywele. Mlio wa fedha, ambao sarafu iliyozibwa huupoteza, sikuweza kuusikia kwa ajili ya mvua kwenye bati. Nilitaka kusubiri mvua ipungue niwagonge, lakini mdogo wangu alikuwa amesimama kichwani pangu akisema Mpima ameshafika, anakunja mwavuli. Nimeandika kadi mbili: "Hana tundu. Hakuzibwa. Hakuwahi kuvaliwa." Nikatia sahihi.

Mpima amemnunua mmoja papo hapo. Ni mpima ardhi mstaafu, mjane, mkusanyaji kwetu tangu enzi ya baba. Alisoma kadi kabla ya kumtazama Jogoo. Aliisoma hadi mwisho, akaikunja kwenye kitambaa. Jogoo mwenyewe alimtia mfukoni kama funguo.

Ijumaa, 15 Machi

Mpima amekuja tena bila shughuli. Alikaa kwenye kiti cha wateja akaangalia ninavyoandika.

"Bi Kadi," akasema, ndivyo wakusanyaji wanavyoniita, "mwandiko wako haujawahi kutetemeka?"

"Nikitetemeka sitii sahihi."

"Mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiandika orodha ya sokoni siwezi kuisoma. Nanunua chumvi, kumbe kaandika chupi."

Nimecheka kwa sauti. Wifi akachungulia kwenye ngazi.

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Hakuna mteja.

Ijumaa, 22 Machi

Mvua. Wifi anataka kuandika kadi yake ya kwanza. Nimemwambia bado.

Jumatano, 27 Machi

Niandike taratibu, maana hili si jambo la kila siku.

Mpima ameniambia anasafiri kwa shughuli zake, na akirudi atazungumza na mdogo wangu kunihusu, kama sina kipingamizi. Hakupamba maneno. Alisema ana nyumba yenye veranda mbili na anatumia moja. Alisema: "Kwa umri wetu, mtu hatafuti sura. Anatafuta mtu ambaye akisema kitu, ni hicho hicho."

Alipoondoka nimefagia chumba changu chote na nimekitazama kama mtu anayekiaga. Dirisha linalotazama choo cha jirani. Ukuta unaotoa jasho. Nina umri wa miaka arobaini na tisa na hakuna mtu aliyewahi kunitaka kwa sababu hiyo aliyoitaja. Aliyenioa zamani alinitaka kwa sababu nilikuwa mnyamavu, akaniacha kwa sababu hiyo hiyo.

Jumatatu, 1 Aprili

Mvua siku nzima. Sijali.

Jumanne, 2 Aprili

Jogoo wa pili, yule aliyebaki kabatini, ana ukungu nyuma ya mkia.

Nimefuta kioo nikidhani ni pumzi yangu. Si kioo. Ni doa la weupe hafifu, kama maji ya maziwa, lisilozidi punje ya mchele.

Ijumaa, 5 Aprili

Ukungu umekua. Chini yake pana duara.

Jumamosi, 6 Aprili

Mdogo wangu alikuwa ametoka. Nimepanda juu nikamwomba wifi dawa yake ya kufutia rangi ya kucha.

"Umeanza kujipamba, wifi? Huyo Mpima atatuua," akasema, akanipa chupa nzima.

Nimechovya pamba, nikaiweka nyuma ya mkia wa Jogoo, nikangoja, nikafuta. Pamba ilitoka na utelezi wa nta. Na pale ilipokuwa nta pakaonekana tundu lililozibwa: duara kamili, limejazwa fedha ya rangi nyingine, imeanza kuwa nyeusi kwa unyevu. Manyoya ya mkia yaliyokatwa na tundu yamechongwa upya juu ya kizibo, unyoya kwa unyoya. Kazi nzuri ajabu. Nimeifahamu hiyo fedha. Ninayo moja mdomoni, gego la chini kushoto, aliniziba mdogo wangu mwenyewe akiwa kliniki.

Mvua ilikuwa imetulia kidogo. Nimemgonga Jogoo kwa ncha ya kalamu. Hakulia. Alikohoa.

Mdogo wangu aliporudi nimemwekea Jogoo na pamba juu ya meza. Alitazama pamba kwanza.

"Umemharibu," akasema.

"Nani kamziba?"

"Dada, kaa chini."

"Nimeuliza nani kamziba."

Akavuta kiti akakaa yeye. Hakuona haya, na hilo ndilo lililonishtua. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu mwenye haya. "Nikuulize," akasema. "Mtu ana jino limetoboka. Nikaliziba. Akicheka, utasema huo si mdomo wake? Nimeziba watu wasio na idadi na hakuna aliyeniita mwizi. Walinishukuru. Jogoo naye alitobolewa bila kuulizwa. Wote wawili nimewarudishia walichonyang'anywa."

"Mimi nimeandika hakuzibwa."

"Mimi sikuandika kitu. Tazama kadi. Pana sahihi yangu?"

Nikageuza kadi. Sahihi ilikuwa yangu.

"Nilikuletea wewe kwanza," akaendelea, kwa upole kabisa, kama anamfariji mgonjwa. "Nikasema, dada akiona, basi, namuuza kama aliyezibwa. Akipita kwa dada, basi amepita. Wewe ndiye mtihani, dada. Ukishindwa wewe kuona, nani ataona?"

"Uliniletea mvua inanyesha nisisikie mlio."

Hapo alitazama pembeni. "Mvua siileti mimi."

Wifi alikuwa kwenye ngazi. Alishuka akachukua chupa yake, akapima kwa macho dawa iliyobaki, akapanda.

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua. Mpima hapokei simu, huko aliko mtandao mbovu. Jambo hili siwezi kuliandika kwa ujumbe. Nitamwambia uso kwa uso.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 11 Aprili

Mvua. Mdogo wangu amemrudishia Jogoo nta, akamweka kabatini mahali pake. Nimemtoa. Jioni nimemkuta amerudi. Hatusemezani juu ya hilo; tunasemezana juu ya chumvi, funguo, mfereji ulioziba.

Nimetazama kadi za mwaka uliopita, nakala zake ziko kwenye kasha. Jogoo mwingine hakuna, lakini kuna sarafu nyingi za fedha alizoleta yeye "kutoka familia iliyohama". Familia zimehama sana mwaka jana.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimekuwa nikijizoeza nitakavyomwambia Mpima. Nimejaribu kuanza na mdogo wangu, nikaona ni kumsukumia. Nimejaribu kuanza na mvua na bati, nikaona ni kujitetea. Mwishowe nimeamua kuanza na neno lenyewe: amezibwa, na niliandika hakuzibwa.

Najua nitakachopoteza. Alinitaka kwa sababu nikisema kitu ni hicho hicho. Sasa nitamwambia kwamba kitu kimoja nilichomwambia, kikubwa kuliko vyote, hakikuwa hicho. Na mdogo wangu atajua nimemsema, na chumba hiki ni chake. Huenda kabla mvua hazijaisha nisiwe na veranda wala ukuta wa jasho. Lakini nikinyamaza, nitahamia nyumba ya mtu nikiwa na nta mgongoni, na kila msimu wa mvua nitakuwa najitazama kwenye kioo.

Wifi leo ameniletea chai bila kuombwa. "Mwambie au usimwambie," akasema, "lakini kula."

Nilikuwa nikimdhania mwepesi. Nimekula.

Jumanne, 23 Aprili

Amerudi.

Alikuja asubuhi, viatu vimelowa, ana mwavuli mpya. Mdogo wangu alikuwa benki. Nikamwomba akae. Nikabaki nimesimama, mikono kwenye kaunta, nikasema kama nilivyojizoeza: "Jogoo uliyemnunua amezibwa, na mimi niliandika hakuzibwa. Nilikosea. Nitakuandikia kadi nyingine, na nitahakikisha duka linampokea na kukurudishia pesa zako."

Aliweka mwavuli chini. Kisha akatabasamu, tabasamu la mtu anayesubiri mtoto amalize kuhesabu.

"Bi Kadi. Unadhani sikujua?"

"Kujua nini?"

"Nilimgonga siku ile ile nyumbani kwangu. Akakohoa kama mzee." Akacheka kidogo. "Mdogo wako ana mkono, usimdharau. Lakini sikio halizibiki."

"Kwa nini hukumrudisha?"

"Nimrudishe kwa nini? Mimi sikununua jogoo. Nilinunua kadi." Akaegemea kaunta, akashusha sauti, na uso wake ulikuwa wa huruma, wa mapenzi hata. "Unajua mwandiko wako unavyoheshimiwa huko nje? Nimemuuza safari hii hii, kwa daktari mmoja. Hakumtazama mara mbili. Alisoma kadi, akasema: kama ni Bi Kadi, imetosha."

Nikamuuliza kama alimwambia daktari yule kwamba sarafu inakohoa.

"Hakuuliza."

Gari lilipita nje likatapanya maji hadi mlangoni. Nilichukua tambara nikapangusa, kwa sababu kazi ya mikono ilikuwa inahitajika. Aliendelea kuzungumza juu ya kichwa changu. Alisema mdogo wangu ananitumia bure, ananiweka kwenye chumba cha nyuma kama ndoo. Alisema tukioana nitakaa kwenye veranda yangu na meza yangu na taa nzuri, na kadi nitamwandikia yeye. Yeye hataniletea takataka. Ataniletea vitu vizuri tu, na kimoja kimoja, mara chache, ambacho si kizuri sana. "Na nitakuambia kabisa ni kipi. Sitakuficha kama huyu. Kati ya mume na mke hakuna siri."

"Ulisema unatafuta mtu ambaye akisema kitu ni hicho hicho."

"Ndiyo," akasema, na aliona kweli ananisifu. "Bila hiyo, kadi ina faida gani?"

Nikasimama wima na tambara langu. Nilisema tu kwamba duka linafungwa. Ilikuwa asubuhi. Alitazama saa ya ukutani, akachukua mwavuli, akasema atanipa muda nifikiri.

Kwa wiki zote hizi niliogopa ataacha kuniamini. Kumbe ananiamini sana.

Jumatano, 24 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 25 Aprili

Nimemwandikia Katibu wa chama cha wakusanyaji: Jogoo wote wawili niliowaandikia kadi mwezi Machi wamezibwa, kadi hizo si sahihi, na kadi zangu za sarafu za fedha za mwaka uliopita zisitegemewe hadi zikaguliwe upya. Nimetaja aliyeziba na aliyeuza akijua. Nimeisoma, nikatuma, kisha nimepanda juu nikamwambia mdogo wangu nilichofanya, asisikie kwa watu.

Hakupiga kelele. Alikuwa anakula. Alimaliza, akanawa, akasema, "Haya, dada," akatoka.

Jumatatu, 29 Aprili

Katibu amejibu: "Tumepokea. Pole sana kwa matatizo."

Matatizo gani?

Alhamisi, 2 Mei

Daktari aliyemnunua Jogoo amepiga simu dukani. Nimepokea mimi. Ana sauti changa. Nilimwambia jina langu la kazi na alivuta pumzi.

"Nilikuwa nahifadhi kadi zako," akasema. "Kadi zenyewe. Nina albamu."

Nilimweleza kila kitu, tangu kopo la chai hadi pamba. Nilimwambia Mpima alijua. Alisikiliza, akasema Mpima ameshazungumza naye, mzee wa watu amesikitika mno, na yeye daktari hana kinyongo. "Hata mama yangu alianza hivyo hivyo," akasema. "Kwanza alikuwa hawezi kupitisha uzi kwenye sindano. Siku hizi wanafanya operesheni ndogo tu, dada. Usiogope. Nikuandikie jina la mtaalamu?"

Sikufahamu mpaka nilipoweka simu.

Jumatatu, 6 Mei

Nimemuuliza mdogo wangu mbele ya wifi ni nini amewaambia watu.

"Nimewaambia ukweli unaoweza kuaminika," akasema. "Kwamba macho ya dada yamechoka. Miaka mingi ya kioo. Kwamba amekosea Jogoo, na kosa limemuuma hata ameanza kushuku kila mtu, mimi, Mpima, kila mtu. Watu wamekuhurumia sana. Hakuna hata mmoja aliyekusema vibaya."

"Macho yangu mazima."

"Basi uliona ukaandika?" Alingoja. "Unaona? Chagua moja, dada. Mimi nimekuchagulia lenye heshima."

Nikamtazama wifi. Alikuwa anakunja nguo, anazipanga ncha kwa ncha.

"Lakini kweli, wifi," akasema bila kuinua uso, "siku ile hukuona."

Ijumaa, 10 Mei

Mvua zinapungua. Mteja wa zamani amenishika mkono kunivusha mtaro ulio mbele ya duka, mtaro ninaouruka tangu nikiwa msichana. "Hatua hapa, mama. Na hapa." Mwingine ameingia akanisemesha kwa sauti kubwa, kana kwamba macho yakichoka masikio nayo hufuata. Nimemsomea kutoka upande wa pili wa chumba maandishi ya ukingo wa sarafu aliyoishika. Alisema, "Unayakumbuka kwa kichwa, mashallah."

Mpima hajarudi. Nasikia anatafuta mwandishi mwingine, kijana, anayeanza kazi.

Jumatatu, 13 Mei

Mdogo wangu amechukua kioo cha baba kukipeleka kwa fundi kikazwe skrubu. Hakina skrubu iliyolegea.

Ijumaa, 17 Mei

Jua limetoka, bati limekauka. Wamehamishia meza ya kadi juu, karibu na dirisha kubwa. Mimi nimepewa funguo za mlango na kazi ya kukaribisha wateja. Jogoo wa pili ameuzwa jana. Sikuona kadi yake.

Adhuhuri nilikuwa kwenye kiti cha wateja, mlango wazi. Duka lilikuwa kimya, nikasikia kalamu ya wifi juu ya ngazi ikitembea, ikisimama, ikitembea. Kisha ikasimama kabisa.

"Wifi," akaita.

"Abee."

"Halisi, ina herufi h mbele, au ni alisi?"

Mdogo wangu alikuwa naye huko juu. Nilisikia kiti chake kikilia. Wote wawili walikuwa wananisubiri. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema haina, na kadi ingeenda na kosa hilo kwa daktari mwingine, na labda angeitazama mara mbili.

"Ina," nikasema.

Kalamu ikaendelea.